Kadi Ndogo Inayoangusha Seva Nzima

 

Umekwenda kulipia huduma, umefika dirishani, na kijana wa ndani anakwambia, "Samahani mzee, sistimu iko chini, naomba usubiri kidogo." Unarudi kwenye benchi. Saa inapita, foleni inazidi kuwa ndefu, na kila mtu ana wa kumlaumu: huyu kampuni ya simu, yule mkongo wa baharini, mwingine shirika la umeme. Zipo siku ambazo lawama hizo ni za haki. Lakini zipo pia siku ambazo umeme upo, mkongo ni mzima, na simu za hao hao walio kwenye foleni zinafungua intaneti bila tatizo. Siku kama hizo kilichoanguka ni seva iliyo ndani ya jengo lilelile, na kilichoiangusha ni kadi ambayo unaweza kuishika kiganjani: kadi ya mtandao.

Nataka leo tuizungumzie kadi hiyo, kwa sababu maanguko yake yanachukuliwa kama ajali isiyo na maelezo. Seva inaanguka, inawashwa, inaanguka tena baada ya siku kadhaa, inawashwa tena, na maisha yanaendelea. Mimi nasema anguko la aina hii lina sababu inayosomeka. Likisomwa mapema linatibika, na likiandikwa vizuri halirudi.

Tuanze na kadi yenyewe. Data zote zinazoingia na kutoka kwenye seva hupita hapo. Ndani ya kadi mna chipu, na chipu hiyo ina programu yake ndogo iliyowekwa kiwandani, ikahifadhiwa kwenye kadi yenyewe. Programu hiyo inaitwa famwea. Ukizima seva, famwea inabaki. Ukifuta diski yote na kuweka mfumo endeshi mpya, famwea inabaki ileile. Ukiing'oa kadi kwenye seva ya Dar es Salaam ukaipachika kwenye seva ya Mwanza, famwea imesafiri nayo.

Upande wa pili kuna draiva. Hii hukaa kwenye diski pamoja na mfumo endeshi, uwe ni Linux, Windows au ESXi ya VMware. Kazi yake ni kuuwezesha mfumo endeshi kuituma kadi na kuelewa majibu yake. Kwa hiyo tuna programu mbili, zimeandikwa kwa nyakati tofauti, zinakaa mahali tofauti, na zinasasishwa kwa njia tofauti, lakini kazi yao ni moja.

Mmewahi kuwaona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Huyu anashusha mchi, yule anainua wake, na hakuna anayegusa wa mwenzake, kwa kuwa wote wanafuata mwendo mmoja. Draiva na famwea hufanya kazi namna hiyo. Draiva inatenga nafasi tupu kwenye kumbukumbu ya seva na kuiambia kadi ziliko. Kadi inazijaza pakiti zilizofika, yaani vipande vya data, kisha inatoa taarifa. Draiva inazichukua na kutenga nafasi nyingine. Na mwendo wenyewe ni wa kasi ya ajabu: kadi ya gigabiti 10 inaweza kupokea pakiti ndogo zaidi ya milioni 14 katika sekunde moja. Mmoja akibadili mwendo bila mwenzake kujua, michi inagongana.

Sasa kwa nini mgongano huo uiangushe seva nzima, isiishie kwenye kadi tu? Sababu ni mbili. Ya kwanza, kadi haiombi ruhusa ya prosesa kwa kila pakiti. Imepewa uwezo wa kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya seva, maana bila hivyo kasi ile isingewezekana. Ikiandika pasipostahili, inaweza kuharibu data za programu nyingine ambazo hazihusiki kabisa na mtandao. Ya pili, draiva kwa kawaida hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo programu ina mamlaka juu ya kila kitu. Programu ya kawaida ikikosea, mfumo endeshi unaifunga na kuendelea na kazi. Draiva ikikosea, mara nyingi hakuna wa kuifunga. Kiini kikigundua kwamba mambo yake yameingiliwa kinajisimamisha chenyewe, na kinafanya vizuri, kwa sababu kuendelea kungehatarisha data za watu.

Ugonjwa huu una sura tatu, na fundi anapaswa kuzitambua zote. Sura ya kwanza, kadi inapotea. Seva inawaka, feni zinazunguka, lakini taa za poti zimezimika, na ukiitafuta kadi kwenye orodha ya vifaa huioni. Sura ya pili, kadi inakwama, inajianzisha upya, inafanya kazi kidogo, inakwama tena. Kwenye logi za Linux utakuta mstari unaoanza na maneno NETDEV WATCHDOG, ukitaja jina la kadi, jina la draiva, na kwamba foleni ya kutuma imepitiliza muda. Watumiaji wao watakwambia tu mtandao unakuja na kukata. Sura ya tatu ndiyo nzito. Kwenye ESXi utaona skrini ya zambarau iliyojaa maandishi, kwenye Windows skrini ya bluu, kwenye Linux maneno Kernel panic. Na siku hizi seva moja hubeba mashine pepe kumi, ishirini au zaidi. Ikianguka, zinakwenda zote pamoja: mfumo wa malipo, barua pepe, mafaili ya wagonjwa, mishahara ya wafanyakazi.

Mwaka 2013, mwezi Februari, mhandisi wa Marekani, Kristian Kielhofner, alieleza hadharani kisa kilichomsumbua kwa muda mrefu. Alikuwa akishughulikia kompyuta za kuendeshea simu za intaneti, zenye chipu ya mtandao ya Intel aina ya 82574L. Kadi zilikuwa zikifa ghafla. Taa zinazimika, na kuwasha kompyuta upya hakukusaidia kitu. Ilibidi umeme ukatwe kabisa ndipo kadi ifufuke. Mhandisi huyu hakukubali kuishi hivyo. Alinasa pakiti zilizokuwa zikipita, akazichuja, akazijaribu, mpaka akaipata pakiti inayoua. Siri ilikuwa kwenye baiti moja tu, mahali pamoja ndani ya pakiti. Pale pakikaa tarakimu 2 au 3, kadi inakufa. Pakikaa 4, kadi inapata kinga, na pakiti za kuua zikija baadaye haziidhuru mpaka umeme ukatwe na kurudishwa.

Intel ilipochunguza ilisema chipu yenyewe ni nzima. Mtengenezaji mmoja wa bodi za kompyuta alikuwa ameandika vibaya maelezo ya EEPROM, ile hifadhi ndogo ambamo kadi husoma namna inavyopaswa kufanya kazi. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Chipu hiyohiyo, yenye jina hilohilo, kwenye bodi ya mtengenezaji mwingine haikuwa na tatizo hilo. Kwa hiyo fundi akikuambia, "Kadi hii ni Intel, naijua," bado hajamaliza kujua. Tunahitaji kujua pia ndani yake mna nini.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2008, na kinatufundisha kutoharakisha kuhukumu. Toleo la Linux 2.6.27 lilipokuwa bado katika majaribio, watu walianza kupoteza kadi zao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e. Hifadhi ya kadi ilikuwa inaharibiwa, na baada ya hapo kadi haikutambulika tena. Ni kawaida kwamba mshtakiwa wa kwanza awe draiva ya e1000e. Baadhi ya wasambazaji wa Linux waliiondoa kwa muda kwenye matoleo yao ya majaribio, na wahandisi wa Intel wakaweka kinga ili hifadhi ile isiandikike ovyo. Toleo kamili lilitoka tarehe 9 Oktoba likiwa na kinga hiyo.

Lakini uchunguzi ulipofika mwisho, mkosaji alikuwa mwingine kabisa: chombo cha kufuatilia mienendo ya kiini, kiitwacho ftrace. Chombo hicho kilikuwa kimeweka akilini anwani za sehemu za programu ambazo baadaye ziliondolewa kwenye kumbukumbu. Anwani zilezile zikaja kupewa hifadhi ya kadi ya mtandao. Ftrace iliporudi kurekebisha ilichodhani ni programu yake, ikawa inaandika ndani ya kadi. Siku chache baadaye likatoka toleo 2.6.27.1, likizima sehemu hiyo ya ftrace. Kama wahandisi wale wangeridhika na kuilaumu draiva, chanzo kingebaki palepale, kikingoja kifaa kingine cha kuharibu.

Visa hivi ni vya nchi za mbali, lakini hali zinazotengeneza mfarakano wa draiva na famwea ziko ofisini kwetu kila mwezi. Ya kwanza ni kusasisha mfumo endeshi. Mfumo mpya unakuja na draiva mpya, famwea inabaki ya miaka minne iliyopita. Ya pili ni kinyume chake: mtu anasasisha famwea kwa kifurushi cha mtengenezaji, anaiacha draiva ya zamani. Ya tatu ni kubadilisha kifaa. Kadi imeungua, imeletwa nyingine ya jina hilohilo kutoka stoo, nayo imekaa stoo tangu enzi nyingine. Ya nne ni seva zilizokwisha kutumika ng'ambo ambazo tunazinunua kwa bei nafuu. Sizikatai, zimezisaidia taasisi nyingi changa. Ila kila kadi iliyomo inakuja na famwea aliyoiacha mwenye mali wa kwanza, na wewe huna daftari lake.

Basi seva imeanguka. Fundi afanye nini?

La kwanza, asikimbilie kitufe cha kuwashia. Najua simu zinalia na bosi amesimama mlangoni. Dakika moja inatosha kuipiga picha skrini ile kwa simu yako. Maandishi yale yanayotisha yanataja programu iliyokuwa ikifanya kazi wakati wa anguko. Ukikuta humo jina la draiva ya mtandao, mathalani i40en au bnxtnet kwenye ESXi, umepata pa kuanzia. Ukiwasha seva bila kuitazama, na kama haikuwekewa mahali pa kuhifadhi taarifa za anguko, ushahidi umeufuta mwenyewe. Hifadhi hiyo iandaliwe wakati wa amani: kdump kwenye Linux, na eneo la kutupia taarifa za anguko kwenye ESXi.

La pili, soma matoleo yote mawili kwa pamoja. Kwenye Linux andika ethtool, acha nafasi, kistari na herufi i, acha nafasi, halafu jina la kadi. Itatokea mistari michache. Mmoja utakupa jina la draiva, mwingine toleo lake, mwingine utaandikwa firmware-version, nalo ndilo toleo la famwea. Kwenye ESXi tumia amri ya esxcli network nic get, kisha kistari na herufi n, na jina la kadi kama vmnic0. Sekunde tano tu, na jozi yako iko mbele yako.

Halafu soma logi za wakati seva inawaka. Kuna jambo hapa linaloniuma, nataka mlisikie vizuri. Draiva ya i40e ya Linux, inayoendesha kadi za Intel kama X710, hulinganisha toleo la famwea na lile inalolitarajia. Ikikuta famwea ni mpya kuliko ilivyotegemea, inaandika kwenye logi kwamba draiva isasishwe. Ikikuta ni ya zamani mno, inaandika kwamba famwea isasishwe. Onyo linaandikwa kila seva inapowashwa, kwa maneno ya wazi, na linaweza kukaa humo miezi bila kusomwa na mtu.

La tatu, tambua kadi kwa namba zake, jina halitoshi. Kila kadi ina namba nne za utambulisho: ya mtengenezaji wa chipu, ya aina ya chipu, ya kampuni iliyoitoa kadi, na ya muundo wa kadi hiyo. Chipu za Intel, kwa mfano, zina namba 8086. Kadi mbili zinaweza kulingana kwa namba mbili za kwanza zikatofautiana kwa mbili za mwisho, na kila moja ikahitaji famwea yake. Chukua namba zote nne uende kwenye orodha ya ulinganifu ya mtengenezaji wa mfumo wako. VMware wanayo, na inaeleza kwa kila kadi ni draiva ipi imepimwa na famwea ipi. Watengenezaji wa seva nao hutoa vifurushi ambavyo wamevipima kwa pamoja. Unachotafuta ni jozi iliyopimwa. Draiva mpya kuliko zote na famwea mpya kuliko zote zinaweza kuwa hazijawahi kukutanishwa.

La nne, ondoa washukiwa wengine kabla ya kutoa hukumu. Badilisha kebo. Hamia poti nyingine ya swichi. Kagua joto na vipande vya kumbukumbu. Kama una seva pacha isiyoanguka, ilinganishe na hii mgonjwa mstari kwa mstari. Tofauti utakayoikuta huko ina thamani kubwa kuliko kubahatisha. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na seva ikatulia, hujui kilichoiponya, na ikianguka tena huna pa kurudi.

La tano ni matibabu yenyewe, nayo yana adabu yake. Chukua nakala rudufu kwanza. Hamisha mashine pepe kwenda seva nyingine. Soma maelezo ya toleo ujue kipi kinatangulia, draiva au famwea, maana mpangilio hutofautiana. Anza na seva moja, iangalie ikifanya kazi nzito kwa siku kadhaa, ndipo uende kwa nyingine. Famwea inapoandikwa umeme usikatike hata kidogo; kadi iliyokatizwa katikati inaweza isiamke tena. Kwa hiyo UPS iwe nzima na betri ziwe zimepimwa. Baadhi ya kadi hazianzi kutumia famwea mpya mpaka seva izimwe na kuondolewa umeme kabisa, usije ukasema sasisho halikufanya kazi ilhali halijaanza. Na fahamu njia ya kurudi: draiva mara nyingi unaweza kuirudisha nyuma kirahisi, lakini si kila famwea inakubali kurudishwa.

Msidhani tahadhari hizi ni woga. Mwezi Aprili 2014 kampuni ya HP iliwaonya wateja wake kwamba kifurushi chake cha kusasisha kingeweza kuziua kabisa baadhi ya kadi zenye chipu za Broadcom, kwenye seva za ProLiant za vizazi vya nyuma. Dawa yenyewe ilikuwa na hatari. Aliyeanza na seva moja angepoteza kadi za seva moja. Aliyesasisha zote usiku mmoja angeamka na chumba kizima cha seva bubu.

Nimesema ya fundi. Sasa niseme na wakubwa wa taasisi, kwa heshima zote.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walisema hivyo kuhusu duka na shamba, na chumba cha seva hakijaachwa nje. Kila kadi ya mtandao iliyomo humo iandikwe: iko kwenye seva gani, namba zake nne, draiva toleo gani, famwea toleo gani, ilibadilishwa lini, na nani, kwa sababu gani. Si kazi ya fedha nyingi. Ukurasa mmoja wa kompyuta na nakala moja iliyochapishwa vinatosha taasisi nyingi. Nakala ya karatasi ni muhimu, kwa sababu siku seva imeanguka hutaweza kufungua faili lililo ndani ya seva hiyohiyo. Na daftari likiwepo, afisa TEHAMA akihama au akistaafu, ujuzi hauondoki naye.

Pili, wapeni vijana wenu muda wa matengenezo. Taasisi nyingi zinadai seva ifanye kazi saa zote za mwaka, na mtu wa TEHAMA akiomba saa tatu za usiku wa Jumamosi anaonekana mvivu au msumbufu. Saa hizo tatu mtazilipa tu. Mkiwanyima usiku wa Jumamosi, seva itazichukua yenyewe Jumatatu saa nne asubuhi, wakati ukumbi umejaa watu. Na wanaolipa zaidi ni wale wasiojua hata kwamba kuna seva: mama aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa, mgonjwa ambaye faili lake halifunguki, mwanafunzi ambaye siku ya mwisho ya maombi ni leo.

Tatu, mnaponunua seva, iwe mpya au iliyotumika, wekeni kwenye mkataba kwamba muuzaji aikabidhi ikiwa na jozi iliyopimwa ya draiva na famwea, na aitaje jozi hiyo kwa maandishi. Mafundi wakaguapo mzigo huhesabu diski na kumbukumbu. Wahesabu na hili pia.

Nawe fundi unayenisikiliza, ukiwa zamu usiku huu au njiani kurudi nyumbani: wiki hii ingia kwenye seva moja tu, soma draiva yake na famwea yake, ziandike, kisha zilinganishe na orodha ya mtengenezaji. Wiki ijayo nenda kwenye ya pili. Ukikuta jozi isiyolingana, umelipata anguko kabla halijatokea, na una nafasi ya kulitibu kwa utulivu, kwa ratiba yako mwenyewe, huku watu wakiendelea kuhudumiwa.